Maneno ya Moyo ya Mwalimu Suhanda

Iroh wa Babakan Honje, kijiji cha Wasunda huko Indonesia, alikuwa mtu wa kusifiwa upole, na ukweli ni kwamba sifa hiyo ilikuwa imemchosha. Miaka thelathini na miwili ameolewa na Mwalimu Suhanda, na hakuna jirani aliyewahi kusikia sauti yake ikitoka nje ya nyumba. Na nyumba za huko kuta zake ni mianzi iliyosukwa, ukikohoa jikoni aliye barazani anakupa pole. Basi watu wakimwona amejiinamia juu ya chane zake, anasuka vikapu vya wali vya kupeleka soko la Singaparna, husema yule mama hana makuu, yule kajaliwa, halafu wanapita zao wameridhika. Mtu akinyamaza, watu hudhani hana linalomkera.

Mumewe alifundisha Kisunda katika shule ya msingi tangu akiwa kijana wa masharubu mawili matatu. Alipostaafu hakujua mikono yake aiweke wapi. Alihamisha redio kutoka chumba hiki kwenda kile. Aliwalisha samaki wa bwawani mara tano kwa siku mpaka wakawa wazito wa kugeuka. Alimfuata Iroh jikoni kumweleza namna nzuri ya kuchana mianzi, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kusuka hata ungo. Iroh alivumilia, akamwomba Mungu ampatie mume wake shughuli. Aliomba kwa mdomo wake mwenyewe, na baadaye alitamani dua ile airudishe.

Shughuli ilikuja imevaa sare nyeupe na hijabu ya kijani kibichi. Jina lake nesi Yusnidar, mtu wa Padang, ng'ambo ya bahari, kahamishiwa zahanati ya kata mwaka ule. Umri wake thelathini na nne, mume hana. Aliwahi kuwa naye wakashindwana. Kazi yake alikuwa anaijua, hilo hata Iroh hakulibisha. Tatizo lilikuwa wazee. Mzee wa Kisunda akiumwa goti atakueleza kwa Kiindonesia, lakini akiumwa moyo anarudi kwenye lugha ya mama yake, na hapo nesi haambulii kitu. Bibi mmoja alikaa mbele yake robo saa nzima akimweleza huzuni ya kufiwa na mwanawe, na nesi akamwandikia dawa ya kiungulia. Habari ikazunguka kata nzima. Watu walicheka wakajishika mbavu, nesi naye akajifungia chooni akalia. Mganga mfawidhi ndipo akamwambia, nenda kwa Mwalimu Suhanda akufundishe maneno ya moyo. Hayo tu. Maneno ya ndizi na mchele utayaokota sokoni.

Ikawa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, baada ya sala ya alasiri.

Siku ya kwanza Iroh mwenyewe ndiye aliyemkaribisha. Alitandika mkeka mpya, akaleta chai ya rangi na opak, vile vibiskuti vyembamba vya mchele vilivyochomwa juu ya makaa. Nesi akasema asante mama, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu zuri, na Iroh aliona lina meno mengi kuliko lazima. Kisha akarudi jikoni, maana ndivyo mambo yalivyo: mgeni na baba mwenye nyumba wanakaa mbele, mama anakaa nyuma na moto wake.

Kupitia ukutani ikaja sauti ya mumewe. Sauti ya darasani, iliyonyooka, yenye nguvu, ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka mitatu. Iroh akafurahi kweli. Akasema moyoni, alhamdulillahi, mzee amepona.

"Tuanze na sono," Mwalimu akasema. "Ni hamu ya mtu ambaye hayupo. Si kumkumbuka tu. Kumkumbuka, unaweza kumkumbuka hata aliyekukanyaga sokoni. Sono ni macho yako kuutaka uso wake, na uso haupo."

"Nipe mfano, Mwalimu."

Iroh akaacha kupepea moto.

"Mwaka ule mlima Galunggung ulipolipuka," Mwalimu akaanza, "majivu yalianguka miezi na miezi. Mashamba yakafunikwa. Serikali ikawahamisha watu Sumatra. Kulikuwa na mtu wangu mmoja katika lori la mwisho. Alinipungia kitambaa, kwa sababu uso wake ulijaa majivu na alijua nisingemtambua. Baada ya hapo kila lori lilipopita barabarani nilitoka darasani kuchungulia. Mpaka wanafunzi walijua, wakisikia lori wananitazama mimi. Hiyo ndiyo sono."

Nesi akaandika. Kalamu yake ilisikika ikikwaruza karatasi. Jikoni Iroh alikaa juu ya kigoda, pepeo mkononi, na moto ukazimika mbele yake hivi hivi.

Mtu mwenyewe alimjua. Rukoyah, binti wa mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Rika lao lote lilijua kwamba Suhanda alikuwa ameshamvisha Rukoyah pete ya uchumba kabla mlima haujalipuka. Iroh alikuja baada ya majivu. Mjomba wake alimpeleka kwa wazazi wa Suhanda, akatazamwa, akakubaliwa, akaolewa, na tangu siku ile jina la Rukoyah halikutajwa ndani ya nyumba. Naye Iroh, mjinga wa watu, alidhani limekwisha. Kumbe mzee alikuwa amelihifadhi vizuri kabisa, halina hata vumbi, akisubiri nesi wa Padang aje amtolee.

Kilichomkata maini si Rukoyah peke yake. Ni yale maneno. Alikaa akipekua miaka yake yote akitafuta siku ambayo mumewe alimwambia yeye neno la namna ile. Siku ya harusi alimwambia, "Jiko liko huku." Alipojifungua mtoto wa kwanza aliuliza kama vidole vimetimia. Alipofiwa na mama yake, Mwalimu alimshika bega, akamwambia ameshawapa samaki chakula. Si mtu mbaya, hapana. Hajawahi kumnyanyulia mkono wala sauti. Lakini Iroh alikuwa ameamini kwamba maneno yale hana, kwamba Mungu hakumpa, na mtu humdai vipi mwenzake asichopewa. Sasa anasikia anayo, tena tele, na anayagawa barazani siku tatu kwa wiki.

Akataka kujua jambo moja tu. Katika maneno yote yale, lipo hata moja ambalo ndani yake yumo Iroh?

Kuanzia hapo akahamisha kazi yake. Zamani alisukia kwenye mlango wa nyuma, penye mwanga. Sasa akasogea karibu na ukuta wa baraza, gizani, akisuka kwa kupapasa. Kila nesi alipoomba mfano, Iroh alizuia pumzi.

Wiki ya pili likaja waas. "Ni moyo kulainika," alieleza Mwalimu, "ukiona kitu kizuri kinachokurudisha nyuma. Utamu wake unauma kidogo. Mimi nikipita kivukoni asubuhi, ukungu umekaa juu ya mto, nikamwona mwanamke ameinama anaosha mchele, basi, nakuwa waas, nasimama tu."

"Mwanamke gani, Mwalimu?"

"Yeyote."

"Lakini yule wa kwanza?" Nesi alikuwa na udadisi wake, hakuacha.

Mwalimu akacheka. Alicheka kile kicheko kidogo cha puani ambacho mkewe hakujua kama anacho. Chane ikamteleza Iroh ikamkata kidole cha shahada. Akakinyonya, akakaa nacho mdomoni kama mtoto, machozi yakimlenga, na hayakuwa ya kidole. Yeye hakuwahi kuosha mchele kivukoni. Kwao walikuwa na kisima.

Chuki ikaanza kumwingia hata kwa vitu vidogo. Opak zikaadimika. Chai ya nesi ikawa inafifia kila siku, mpaka ikafika rangi ya maji ya bwawa, na nesi aliinywa na kushukuru, jambo lililomuudhi Iroh zaidi. Mwalimu naye akazidi kuharibu. Akaanza kupaka nywele mafuta ya nazi. Akatoa sanduku la mashati ya batiki ya kazini, akayapiga pasi mwenyewe, akajiunguza, na hata hivyo akatoka barazani akiwa mwingi wa furaha.

Asubuhi moja penye bomba la kufulia, jirani yake Ipah alimwanza. Ipah alikuwa mtu wa maneno, tena alikuwa na njia yake ya kukuita Ceu, yaani dada, ukajua kwamba kuna jambo linakuja.

"Ceu Iroh, mwalimu wako siku hizi anang'aa. Juzi nimepishana naye nikadhani anakwenda kuoa."

"Anafundisha."

"Najua anafundisha. Maneno ya moyo. Wangu mimi anayo mawili tu, wali na kahawa, na hayo nayo anayasema kwa kidole." Ipah akaonyesha kidole kinavyoelekea kikombe. "Huoni wivu hata kidogo?"

"Wivu wa nini? Yule ni mwanangu, sawa na binti zangu."

"Binti zako hawapaki wanja kwenda kujifunza lugha."

Iroh alilikamua shuka lile mpaka likabaki kavu. "Ipah, fua nguo zako."

Ipah akafua, lakini alikuwa akitabasamu mpaka kwenye povu.

Mwezi wa pili nesi alikuja na neno lake mwenyewe. Mgonjwa mmoja alikuwa amelisema, mwanamke mwenye vidonda vya tumbo. Timburu.

"Ni wivu," Mwalimu akamwambia. "Si ule wa kutamani mali ya mtu. Huu wa mapenzi, wa kuona chako kinatazama pengine."

"Nipe mfano."

"Hapo umenikamata." Mwalimu alisema kwa raha kabisa. "Hilo sina mfano. Nimeishi na mke wangu miaka thelathini na miwili, hajui wivu unafananaje. Moyo wake ni maji ya kisima. Ukichungulia unaona mpaka chini."

Wakati huo Iroh alikuwa anatwanga pilipili. Alitwanga tu, akatwanga, akaongeza pilipili nyingine akatwanga tena, mpaka wote wawili barazani wakaanza kupiga chafya.

"Mama, nikusaidie?" nesi akaita huku akifuta macho.

"Hapana, mwanangu. Endeleeni na moyo wenu."

Basi ikafika Jumatano ile. Iroh aliondoka alfajiri na vikapu ishirini kwenda Singaparna, akijua atarudi kabla ya adhuhuri. Mvua ikanyesha ya kumwaga, barabara ikakatika pale kwenye daraja dogo, akakaa chini ya paa la soko na wauza tofu saa nzima, saa ya pili, saa ya tatu, akiwaza nyumba yake na nani yumo.

Na yumo kweli. Nesi alikuwa amefika moja kwa moja kutoka zahanati, hajala tangu asubuhi. Mwalimu naye hajala, maana aliyempikia kwa miaka thelathini na miwili hayupo. Mgeni hawezi kuondoka na njaa katika nyumba ya watu, hiyo ni aibu kubwa. Samaki wapo bwawani, Mwalimu akavua wawili wanene. Mboga zipo uani. Mchele je?

Mchele hukaa goah, kichumba kidogo nyuma ya jiko, na goah mwanamume haingii. Hakuingia baba yake Suhanda, hakuingia babu yake. Nyumba ikishika moto, mwanamume wa huko ataokoa redio na kuku, mchele utamngoja mkewe. Humo mama mwenye nyumba ndiye anayepima, kwa kifuu chake mwenyewe, kifuu kimoja kwa kila mlaji. Na hakuna mwanamke mwingine anayetia mkono katika mtungi ule bila yeye kusema, awe binti, awe mkwe, awe dada yake wa tumbo moja.

Mwalimu Suhanda, mtu wa kanuni, hakuingia. Alimtuma nesi.

Iroh alirudi jioni, kalowa chapachapa, akaona moshi unatoka juu ya jiko lake. Akavua ndala mlangoni. Ndani, nesi amechutama mbele ya moto, kakunja mikono ya sare. Mlango wa goah uko wazi. Kifuu chake kimelala sakafuni, kimepinduliwa, kimelowa.

"Nyai, umefika," Mwalimu akamwambia, akitumia lile jina ambalo waume huwaita wake zao. Alikuwa ameshika sahani ya samaki, uso umemchanua. "Njoo ukae. Leo tumekupikia."

"Nani ameingia humu?"

"Nesi. Mimi sikuingia, Nyai, hata unyayo. Nilisimama hapa nikamwelekeza." Alisema hivyo kwa fahari, kama mwanafunzi anayengoja kusifiwa.

"Ukamwelekeza."

"Mtungi uko kushoto, kifuu juu ya kifuniko."

Nesi akainuka, akijifuta mikono. "Mama, nimepima vifuu viwili. Sijui kama ni sawa."

Vifuu viwili. Iroh alisimama pale maji yakimdondoka miguuni akaurudia mdomoni ule wingi wa mchele. Watu wawili. Mtu anaweza kusema tumekupikia, lakini mkono uliopima ulipima wawili, na aliyeelekeza alikuwa amesimama hapo hapo. Hakutukana. Aliinama akaokota kifuu, akaingia goah, akavuta mlango, akaupitishia mchi kwa ndani.

Kisunda kina neno kwa jambo hilo. Pundung. Mtu kaumizwa, hapigani wala halii mbele za watu, anajiondoa tu, na hatoki mpaka abembelezwe. Nesi alikuwa amefundishwa neno hilo wiki iliyotangulia na kuliandika kwa mwandiko mzuri. Sasa akalitazama likiwa limefungwa kwa mchi.

"Nyai, fungua. Samaki anapoa."

"Mpe nesi."

"Nyai, watu watasikia."

"Wasikie." Sauti yake ikavuka ukuta, ikavuka bwawa. Kwenye uzio Ipah akatokea papo hapo, anatafuta bata wake, na bata wake walikuwa bandani.

Nesi akasogea mlangoni. "Mama, nisamehe. Sikujua. Naondoka sasa hivi."

"Huna kosa, mwanangu. Kaa, mvua haijakatika. Anayejua ni huyo aliyekutuma."

Mwalimu alisimama mbele ya ule mlango, hatua moja tu, na hatua ile hakuweza kuivuka. Akabadilisha mguu. Akakohoa. Akatoa ile sauti ya darasani.

"Mke wangu, jambo hili tunaweza kulizungumza kwa utaratibu."

"Kang Suhanda," Iroh alisema, na hakuwa amemwita hivyo, Kang, kaka, tangu watoto wazaliwe. "Miezi miwili nimekaa nyuma ya ukuta nasuka gizani. Nimesikia sono, ni Rukoyah. Nimesikia waas, ni Rukoyah. Umempa lori, umempa kitambaa, umempa ukungu wa mtoni. Mimi umenipa kisima. Nitajie neno moja ambalo ndani yake nimo mimi. Moja. Kama huna, sema huna. Kesho naenda Bandung kwa binti yangu, na mchele utajipimia wewe."

"Wewe ni mke wangu, Nyai."

"Hilo si neno la moyo, hilo ni cheti."

"Nakuheshimu."

"Hata mkaguzi wa shule ulimheshimu."

Nesi akaenda kukaa ukingoni mwa baraza, akawapa mgongo. Mwalimu akaweka sahani chini. Akakaa sakafuni, mgongo wake umeegemea ule ukuta wa mianzi wa goah, na kwa ndani Iroh aliona kivuli cha bega lake kikiziba mwanga kwenye matundu. Iroh, juu ya gunia la mpunga, alikuwa na hofu kuliko hasira sasa, maana ameuliza, na mtu akiuliza hujibiwa. Alifikiri, atasema hana. Atasema, kwa ile adabu yake, kwamba hana.

"Rukoyah nilimpenda," Mwalimu akasema mwishowe. "Sikufichi. Nilimlilia msimu mzima. Halafu yakabaki maneno, nikayafundisha watoto wa watu mwaka baada ya mwaka mfano ule ule, lori lile lile. Siku hizi nayasema huku nawaza chakula cha samaki. Hayaniumi, Nyai. Ndiyo maana naweza kuyasema."

"Endelea."

"Ile mara uliyolazwa hospitali kule Tasik. Vijiwe vya nyongo. Siku kumi na moja."

"Ulikuja ukaniuliza dawa ya kuku iko wapi."

"Nilikuja kukuuliza utarudi lini. Nikaona haya." Sauti ya darasani ilikuwa imekwisha kabisa. Alisema polepole, kwa sauti nyembamba. "Nilikuwa silali humu. Nikizima taa nasikia kitu kinatambaa darini. Nikiiwasha nasikia mtu anatembea chini ya sakafu. Siku ya nne nikahamia barazani, nikakaa na panga mapajani mpaka kuche. Mimi, Suhanda. Keueung, Nyai. Nilikuwa keueung."

Kwenye uzio Ipah akaacha kuita bata.

Neno lile ni la watoto. Mtoto akiachwa peke yake nyumbani na giza linaingia, akaanza kuogopa asichokijua, hujibanza kwenye kona akasema keueung. Mtu mzima halisemi. Mwanamume aliyefundisha nusu ya kijiji, akilisema mbele ya watu, atataniwa nalo mpaka siku ya kuzikwa kwake, na Mwalimu alilisema huku Ipah amesimama hatua sita kutoka dirishani.

"Hospitali ilikuwa na simu," Iroh akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, lakini hakuwa tayari kusamehe. "Ungenipigia."

"Nikuambie nini? Mimi mtu mzima naogopa dari?"

"Ungeniambia hivyo hivyo."

"Sikujua namna."

Iroh akaushika mchi, asiuvute. "Na nesi je? Umeshampa na hilo?"

"Aliniomba wiki mbili zilizopita. Kuna bibi mmoja zahanati analitaja kila siku. Nikamwambia silijui vizuri."

"Wewe? Hulijui?"

"Angetaka mfano," Mwalimu akasema.

Mchi ukatoka mlangoni. Ikasikika sauti ya mchele ukiingia kwenye kifuu, na Iroh akatoka, macho mekundu, shungi limekaa upande, kifuu kimejaa mpaka juu. Hakumtazama mumewe. "Nyanyuka, unaziba njia. Vifuu viwili watu watatu, nani kakufundisha hesabu." Mwalimu akanyanyuka haraka, na magoti yake yakalia.

Walikula barazani, kwa sababu Iroh alibeba sahani yake mwenyewe akaipeleka mbele, akakaa katikati ya mkeka, mume kulia, mgeni kushoto. Hakuna aliyemuuliza. Samaki alikuwa amepoa, wali wa nesi ulikuwa umeungua chini, wa kifuu cha tatu ulikuwa bado wa moto, na wote wakala bila kuchagua. Mvua ilipokatika nesi akakusanya vyombo, akavipeleka jikoni, akarudi, akachukua daftari lake kwa aibu.

"Mama," alisema, akimgeukia Iroh na si Mwalimu, "samahani. Lile neno alilosema Mwalimu pale mlangoni. Yule bibi analisema kila siku, mimi sijui nimjibu nini. Nilitaka tu kuliandika, na mfano wake."

Iroh akanyoosha mkono, akalifunga lile daftari polepole, akaliweka mapajani kwa nesi.

"Huyo bibi muulize mwenyewe, mwanangu, mfano atakupa wake," akasema. "La humu lina mwenyewe."